Tanga Mbili Angani: Mwongozo wa Kuutambua Mkato wa Upepo

Jioni ya Juni 24, 1956, ndege ya abiria ya shirika la Uingereza la BOAC iliruka kutoka Kano, kaskazini mwa Nigeria, kuelekea London kupitia Tripoli. Wingu la radi lilikuwa limekaa jirani na uwanja. Ndege ikanyanyuka, ikapanda kiasi cha mita 75, kisha ikaanza kushuka ilhali injini zake zote nne zinavuma. Ikagonga mti nje ya uwanja. Kati ya watu 45 waliokuwemo, 32 walikufa.

Miaka kumi na tisa baadaye, tarehe ile ile, Juni 24, 1975, Boeing 727 ya Eastern Air Lines ilikuwa ikishuka kwenye uwanja wa John F. Kennedy, New York, nayo ikipita chini ya wingu la radi. Ilizivaa nguzo za taa kabla ya kuifikia njia ya kutulia, na watu 113 wakafa. Kinachouma zaidi ni kwamba dakika chache kabla yake, rubani wa ndege ya mizigo aliyetua pale alikuwa ameuonya mnara wa kuongozea ndege kwamba upepo wa njia ile haufai, na kwamba ndege zipelekwe njia nyingine. Ndege ya pili ikashindwa, ikaghairi kutua na kupaa tena. Mbili zilizofuata zikatua bila tatizo. Kisha ikaja hiyo Boeing 727.

Upepo wa siku hizo mbili haukuwa wa kung'oa mapaa. Ndege za abiria hutua kila siku katika upepo mkali kuliko ule, mradi uwe umetulia. Uliowaua watu wale ulikuwa upepo uliogeuka.

Marubani huuita windishia. Kiswahili bado hakijatulia juu ya neno lake, kwa hiyo makala haya yatatumia mkato wa upepo, kwa maana ya upepo kubadilika kasi, au mwelekeo, au vyote viwili, ndani ya umbali mfupi. Umbali huo unaweza kuwa wa kwenda juu: upepo wa usawa wa minazi ni mmoja, wa kilomita tatu juu yake ni mwingine. Au unaweza kuwa wa ulalo: upande huu wa uwanja unavuma kutoka mashariki, upande wa pili kutoka magharibi. Neno la kushika hapa ni tofauti. Upepo wa kilomita 60 kwa saa unaovuma sawasawa kutoka ardhini hadi mawinguni hauna mkato wowote, na upepo wa kilomita 20 unaogeuka nyuma mbele ndani ya mita mia moja unao mwingi.

Mabaharia wa pwani wanalo neno linalokaribia sana wazo hili. Kipindi cha kati ya kaskazi na kusi, pale upepo unapokuwa hauna mwenyewe, leo unatoka huku kesho unatoka kule, wanakiita tangambili. Mkato wa upepo ni tangambili iliyobanwa. Badala ya wiki kadhaa huchukua sekunde kadhaa, na badala ya kuenea bahari nzima hukaa katika kipande kimoja cha anga.

Namna ya kuuona bila chombo chochote

Somo la kwanza anatoa mtoto mwenye tiara. Akiwa amesimama uwanjani hulazimika kukimbia ili tiara ipande, kwa kuwa karibu na ardhi upepo ni dhaifu. Nyumba, miti na ardhi yenyewe huukwaruza na kuupunguza. Tiara ikishavuka vilele vya miti, kamba inakaza yenyewe na mtoto anaweza kusimama. Alichokivuka ni mkato wa upepo wa kawaida kabisa, uliopo kila siku na kila mahali, na usiomdhuru mtu. Watu wanaofua umeme kwa upepo wanautegemea. Mitambo 365 iliyopo Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, imepandishwa juu ya minara kwa sababu nguvu inayopatikana hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi ya upepo: upepo ukiongezeka kwa robo tu, nguvu yake inakaribia kuwa maradufu.

Somo la pili ni la mawingu, nalo linahitaji subira ya dakika tano. Simama mahali ambapo jicho lina kitu kisichotikisika cha kupimia, mfano kona ya paa, mlingoti wa bendera au ukingo wa ghorofa. Tazama mawingu ya chini yanavyopita dhidi ya kona hiyo, kisha yatafute yale membamba ya juu kabisa, meupe kama pamba iliyochambuliwa. Yanakwenda upande mmoja na ya chini? Usihukumu kasi kwa jicho, maana wingu la juu huonekana linajikokota hata kama linapaa kwa kasi ya basi la mkoani, hukumu mwelekeo. Mwezi Julai, kusi ikiwa imeshika, mtu aliyeko Mombasa au Bagamoyo anaweza kuyaona mawingu madogo ya chini yakikimbilia kaskazini huku ya juu yakijivuta kuelekea magharibi. Huo ni mkato wa wima, umeandikwa mbinguni kwa herufi kubwa.

Wingu lenyewe nalo husema. Wingu la mvua linalopanda wima kama cholifulawa lipo katika hewa ambayo upepo wake haujatofautiana sana. Likipanda huku limeinama, kichwa kimetangulia na kiuno kimebaki nyuma, upepo wa juu unalisukuma kuliko wa chini. Mara chache, na huwa kwa dakika chache tu, huonekana wingu lenye mgongo wa mawimbi yaliyopinda kama ya ufukweni. Hapo tabaka mbili za hewa zinasuguana, ya juu ikikimbia kuliko ya chini.

Nyanda za juu zina somo lao la alfajiri. Katika mabonde ya Njombe au Nyandarua, moshi wa jikoni hupanda wima asubuhi ya baridi, ukifika kimo fulani unalala ghafla kana kwamba umegonga dari. Chini ya dari hiyo hewa ya baridi imetulia tuli. Juu yake upepo unakwenda zake. Waongozaji wa maputo ya hewa moto yanayobeba watalii Serengeti na Maasai Mara wanaijua dari hiyo vizuri. Puto halina usukani. Mwongozaji anachoweza ni kupanda na kushuka tu, kwa hiyo hutafuta tabaka la upepo linalokwenda anakotaka, akikosea anashuka kutafuta jingine. Anaendesha kwa mkato wa upepo, na ndiyo sababu mojawapo ya abiria wake kuamshwa usiku wa manane: jua likishachemsha ardhi, tabaka zinavurugika.

Ndoo iliyomwagwa kutoka juu

Mkato unaoua hutoka zaidi kwenye wingu la radi. Mvua na mawe yanayoanguka ndani ya wingu huburuta hewa. Sehemu ya mvua huvukizwa njiani na kuipoza. Hewa ikipoa huwa nzito, ikiwa nzito huanguka kwa kasi zaidi. Ikigonga ardhi haina pa kwenda ila pembeni, pande zote kwa mara moja, kama maji ya ndoo yaliyomwagwa juu ya sakafu ya saruji. Tukio dogo la aina hii, lisilozidi kilomita 4 kwa upana, hudumu dakika 5 hadi 15 hivi, na ndilo hatari kuliko yote kwa kuwa ni dogo. Kubwa huonekana kutoka mbali.

Aliyelifichua ni Tetsuya Fujita, Mjapani aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Chicago, yule yule ambaye kipimo cha ukali wa vimbunga vya nchi kavu vya Marekani kina jina lake. Baada ya ajali ya mwaka 1975 aliombwa kuichunguza, akaja na maelezo ambayo wataalamu wenzake wengi hawakuyaamini: kwamba hewa inaweza kuporomoka kutoka mawinguni kwa nguvu za kutosha kuishusha ndege, ndani ya eneo dogo kiasi kwamba ndege iliyotangulia isikutwe na kitu. Wazo hilo alikuwa nalo kwa muda mrefu. Mwaka 1945, akiwa mwalimu kijana, alipelekwa Nagasaki na Hiroshima wiki chache baada ya mabomu ya atomiki, akaona jinsi miti ilivyolazwa ikielekea nje kutoka sehemu moja, kama miali ya nyota. Mwaka 1974, akiruka juu ya misitu ya West Virginia kukagua uharibifu wa vimbunga, akaiona picha ile ile. Kimbunga huzungusha miti. Hii ilikuwa imelazwa kwenda nje, kama iliyopigwa kutoka juu.

Mwaka 1978, karibu na Chicago, rada za Dopla zilimpa ushahidi aliokuwa akiutafuta. Ubishi ukaanza kuzimika, ingawa gharama ilikuwa bado kubwa: Julai 1982 ndege ya Pan Am ilianguka ilipokuwa ikiruka kutoka New Orleans na kuua watu 153, wakiwemo 8 waliokuwa majumbani mwao, na Agosti 2, 1985, ndege ya Delta ilianguka ikitua Dallas/Fort Worth na watu 137 wakafa.

Kwa nini rubani mzoefu ananaswa? Hesabu yake ni rahisi, na inafaa kuifuata polepole. Ndege haielei kwa kasi yake juu ya ardhi. Inaelea kwa kasi ya hewa inayopita juu ya mabawa. Tuseme inashuka na mabawa yanapokea hewa kwa kilomita 260 kwa saa, ambapo 40 kati ya hizo zinaletwa na upepo wa omo, yaani unaokuja puani. Kwa ardhi basi inakwenda 220. Inapoingia kwenye ukingo wa mporomoko, upepo wa omo unaongezeka na ndege inainuka kidogo. Rubani anaona amepaa kuliko inavyotakiwa, anapunguza nguvu ya injini. Ndipo anapofika katikati na hewa inamsukuma chini. Akitoka upande wa pili, upepo sasa ni wa tezi, unamsukuma mgongoni kwa kilomita 40. Ndege ni nzito, haiwezi kuongeza mwendo wa ardhini kwa kufumba na kufumbua, kwa hiyo mabawa yanayohitaji 260 yanapokea 180. Injini zimepunguzwa, ardhi iko mita mia moja chini. Zawadi ya mwanzo ndiyo iliyokuwa mtego.

Siku hizi marubani hufundishwa mtego huo kwenye mashine za kuigiza urukaji. Kufikia mwaka 1993 ndege kubwa za abiria za Marekani zilitakiwa kuwa na mtambo wa kuutambua mkato, viwanja vikubwa vikawekewa rada maalumu na vipima upepo kuzunguka njia za kurukia. Ajali ya Charlotte ya Julai 1994, iliyoua watu 37, ndiyo kubwa ya mwisho ya aina hiyo kwa mashirika ya abiria ya nchi hiyo. Mafanikio hayo ni makubwa mno kwa tatizo ambalo miaka ishirini kabla yake wataalamu walikuwa wakibishana kama lipo.

Kwa abiria

Msafiri hana usukani, lakini ana maamuzi kadhaa mkononi. Uamuzi wa kwanza ni saa ya kusafiri. Bara, joto la mchana hujenga mawingu ya radi ambayo hukomaa alasiri, hivyo msimu wa masika ndege ya asubuhi ina nafasi nzuri zaidi ya kupita anga tulivu kuliko ya saa kumi jioni. Kanda ya Ziwa Victoria hugeuza kanuni hiyo. Usiku upepo wa nchi kavu hutoka pande zote za ziwa na kukutana katikati yake, hewa inasukumwa juu, na mvua za radi hukesha ziwani hadi asubuhi. Mwenye safari ya Mwanza, Bukoba, Entebbe au Kisumu asidhani kwamba alfajiri ni salama kwa kuwa tu ni alfajiri.

Uamuzi wa pili ni wa tabia. Rubani akitangaza kwamba ndege itazunguka kwanza kusubiri mvua ipite, au akiwa karibu kugusa ardhi akapaa tena kwa kishindo, hajashindwa kazi. Amefanya ile ile iliyookoa ndege ya pili pale New York. Mtambo wa ndege ukipiga kelele ya mkato wa upepo, rubani huweka injini kwenye nguvu zote, huinua pua, na hagusi magurudumu wala vibawa vya kutulia mpaka amepata kimo salama. Abiria huhisi amesukumwa kitini na kusikia injini zinanguruma kupita kawaida. Ni dakika moja ya kutisha, na ni dalili ya mtu anayejua kazi yake. Abiria wanaomnung'unikia rubani kwa kuchelewa saa moja kwa ajili ya wingu wangefaa kuonyeshwa picha za Dallas.

Wa tatu ni mkanda. Kule juu, kilomita 10 na zaidi, kuna mikato isiyo na wingu wala mvua, hasa kandokando ya mito ya upepo unaokimbia kutoka magharibi kwenda mashariki katika anga za Ulaya na Amerika Kaskazini. Rada ya ndege haiioni mikato hiyo, maana haina matone. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walionyesha mwaka 2023 kwamba mtikisiko mkali wa aina hiyo juu ya Atlantiki ya Kaskazini uliongezeka kwa asilimia 55 kati ya 1979 na 2020. Anayesafiri Dar es Salaam hadi London au Nairobi hadi New York afunge mkanda hata taa yake ikiwa imezimwa. Ulegee, lakini ufungwe.

Kwa wenye vyombo vya majini

Mvuvi wa ngalawa anaishi ndani ya mkato wa upepo wa kila siku bila kuuita jina. Kabla ya mapambazuko anatoka kwa umande, upepo wa nchi kavu. Mchana anarudi kwa upepo wa bahari. Katikati ya hizo mbili kuna mpaka unaotembea, na siku nyingine huonekana wazi juu ya maji: upande mmoja shwari kama kioo, upande wa pili maji yametiwa weusi wa vikunjo. Nahodha mzuri huuona mstari huo mapema na kuandaa tanga lake kabla hajaufikia.

Hatari ni pale mstari huo unapotokana na wingu la radi. Ile hewa iliyoporomoka husafiri mbele ya mvua yenyewe, wakati mwingine kwa kilomita nyingi, na hufika mahali ambapo jua bado linawaka. Dalili zake huja kwa mpangilio: upepo uliokuwepo unafifia, kunakuwa na utulivu usio wa kawaida, halafu ubaridi wa ghafla, harufu ya mvua au vumbi, na mstari mweusi wa maji unaokuja mbio. Kutoka utulivu hadi kishindo huenda kukawa na dakika mbili au tatu. Ni wakati wa kushusha tanga na kuvaa jaketi okozi. Kugeuza chombo kukimbilia pwani huku tanga limejaa ndiko kunakopindua wengi, kwa sababu upepo mpya unakuja kutoka upande ambao tanga halikutegeshwa. Ukishapiga, chombo kinakwenda mrama na mikono haitoshi.

Sehemu kavu kama Dodoma au Turkana zina namna yake. Mvua huonekana ikining'inia chini ya wingu kama pazia lisilofika sakafuni; imekaukia hewani. Wengi huipuuza, kwa kuwa haiwalowanishi. Lakini kukauka kwake ndiko kunakoipoza hewa, na chini ya pazia hilo ndipo upepo hupiga na kuinua ukuta wa vumbi. Mwendesha pikipiki au mwenye hema la harusi aliangalie pazia hilo kwa heshima.

Katika taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), sentensi ya upepo mkali unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2 imekuwa ya kawaida mno, kiasi kwamba baadhi ya watu hawaisikii tena. Isomwe pamoja na ngazi iliyotajwa: angalizo, tahadhari, au tahadhari kubwa. Taarifa hiyo inazungumzia eneo pana na siku nzima. Mkato wa wingu moja la radi haumo ndani yake, huo ni kazi ya macho ya nahodha.

Mkato unaookoa pwani

Mpaka hapa mkato umekuwa adui. Kwa kimbunga cha bahari, mambo yanageuka.

Kimbunga ni mashine inayotaka kusimama wima. Hewa yenye joto na unyevu hupanda kuzunguka kitovu chake, joto linalotolewa na mvua linabaki juu ya kitovu, na shinikizo la hewa chini linazidi kupungua. Upepo wa kilomita 1.5 juu na ule wa kilomita 12 ukiwa karibu sawa, mashine inabaki wima na kuongeza nguvu. Ukitofautiana sana, kichwa cha kimbunga kinasukumwa kando, joto linamwagika pembeni, hewa kavu inaingia tumboni. Wataalamu hupima tofauti ya tabaka hizo mbili. Ikizidi kiasi cha kilomita 37 kwa saa, kimbunga kinaanza kuhangaika.

Wiki ile ile ya Aprili, miaka miwili tofauti, imeonyesha sura zote mbili. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipita kaskazini mwa Komoro juu ya maji ya moto, mkato ukiwa mdogo. Kikapata nguvu haraka, na tarehe 25 kikaipiga Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma kutoka Mtwara, kikiwa miongoni mwa vikali kuwahi kuifikia nchi hiyo. Aprili 2021 ikaja zamu ya Jobo, kimbunga kidogo kilichokuwa kikielekea Tanzania. Wavuvi walionywa, pwani yote ikakaa macho. Mkato wa upepo na hewa kavu vikakivaa njiani, na mwisho wa wiki kilichofika karibu na Dar es Salaam kilikuwa mabaki. Mitandaoni watu wakafanya mzaha. Kejeli hizo hazikuwa na haki: onyo lilikuwa sahihi, ila upepo wa juu ulifanya kazi yake.

Ndugu walioko Oman wanaujua upande mwingine wa jambo hili. Julai na Agosti, kusi inapovuka ikweta na kupita pwani ya Somalia kwa nguvu kuelekea India, upepo wa chini unatoka kusini-magharibi. Juu, kilomita 14 na zaidi, mto wa upepo unakimbia kutoka mashariki. Mkato unakuwa mkubwa mno kwa kimbunga kusimama, ingawa maji yana joto. Ndiyo sababu Bahari ya Arabuni ina misimu miwili ya vimbunga, kabla na baada ya kusi kushika: Gonu Juni 2007, Mekunu iliyoipiga Salalah Mei 2018, Shaheen iliyoingia mwambao wa Batinah Oktoba 2021.

Msomaji mwenye simu anaweza kulifuatilia hili mwenyewe. Programu kama Windy humruhusu kuchagua kimo. Afungue upepo wa hektopaskali 850, yaani ule wa kilomita 1.5, kisha wa hektopaskali 200, ule wa kilomita 12, juu ya eneo lile lile la bahari, aone mishale inaelekea wapi na kwa kasi gani. Ikielekea upande mmoja kwa kasi zinazokaribiana huku kimbunga kipo jirani, kuna sababu ya wasiwasi. Ikipingana kwa nguvu, kuna matumaini. Takwimu hizo hazitoki hewani tu. Pamoja na setilaiti, zinategemea maputo ya vipimo yanayorushwa sehemu mbalimbali duniani, kikiwemo kituo cha Dagoretti, Nairobi, kwa saa zilizokubaliwa kimataifa, ambazo kwa Afrika Mashariki ni saa tisa alasiri na saa tisa usiku. Mwenye kuziangalia aziangalie kwa kujielimisha. La kuondoka au kubaki amwachie mtabiri.

Kuna mgeuko mmoja zaidi. Mkato ule ule unaoua kimbunga cha bahari huilea dhoruba ya nchi kavu. Wingu la radi la kawaida hujiua lenyewe: mvua yake huanguka juu ya hewa ya moto iliyokuwa ikililisha, na ndani ya saa moja limekwisha. Mkato ukiliinamisha, mvua inaanguka kando, chakula kinaendelea kuingia, na wingu linaweza kuishi saa kadhaa, hata kuanza kuzunguka. Hivyo ndivyo chamchela, vile vimbunga vya nchi kavu vya tambarare za Marekani, zinavyozaliwa. Karibu na ikweta mkato wa aina hiyo ni haba, na mvua nyingi za radi za Kampala au Morogoro huja kwa fujo na kumalizika kabla chai haijapoa.

Kimbunga kilichokatwa na mkato hupoteza upepo wake, lakini hakiachi maji yake. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia Mei 4, 2024, kilikuwa kimeshapungua nguvu, na bado mvua yake ilivunja barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga, Kilwa, na kuikata mikoa ya kusini. Anayesikia kwamba kimbunga kimedhoofika asubiri taarifa ya mvua kabla ya kurudisha watoto bondeni.

Vimbunga kamili huku ni nadra, ila havikosi. Kile cha Aprili 15, 1872 kiliing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiachia Pemba uongozi wa zao hilo. Kingine kiliipiga Lindi Aprili 15, 1952. Msimu wa kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi huhesabiwa kuanzia Novemba hadi Aprili, lakini Hidaya ilikuja Mei, na Ialy ikafuata ndani ya mwezi huo huo kuelekea pwani ya Kenya. Mwenye chombo baharini aendelee kufungua taarifa za TMA, au za Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, kila asubuhi mpaka Mei iishe.